Gitaa la Toleo Maalumu Katika Hewa ya Tanga

Ndani ya gitaa la aina hii, mkabala wa tundu la sauti, hubandikwa kipande cha karatasi. Juu yake huandikwa jina la kiwanda, jina la mtindo wa zamani uliorudiwa, na nambari mbili zilizotenganishwa kwa mstari: ya kwanza ni ya gitaa lenyewe, na ya pili ni jumla ya magitaa yote ya toleo hilo. Mnunuzi asomaye kwamba gitaa lake ni la 37 kati ya 100 huona amepata kitu adimu, na kwa ajili ya uadimu huo hukubali kulipa bei inayozidi mno ile ya gitaa la kawaida la kiwanda hicho hicho. Karatasi hiyo husema kweli kuhusu idadi. Kuhusu ubora haisemi neno, wala haisemi gitaa hilo litakuwa na hali gani baada ya kupitiwa na masika mawili ya Tanga.

Desturi ya kurudia mitindo ya zamani ina sababu zake. Kiwanda cha C. F. Martin cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1833, kilitengeneza kati ya mwaka 1933 na 1942 magitaa 91 tu ya mtindo uitwao D-45. Magitaa ya wakati huo yalikuwa na uso wa mti wa sprusi, ambao ni jamaa wa msonobari, na mgongo wa mti wa Brazili ulio wa jamii moja na mpingo wetu. Chini ya uso ziligundishwa papi nyembamba za mti zilizochongwa kwa ustadi ili zisizuie ubao kutetema. Mwaka 1944 kiwanda kiliacha kuchonga papi kwa namna hiyo, kwa kuwa wapigaji walikuwa wakitumia nyuzi nzito na magitaa yalikuwa yakirudishwa yakiwa yamejikunja. Mwaka 1969 mti wa Brazili nao uliachwa katika magitaa ya kawaida ya kiwanda, na mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Kwa hiyo magitaa ya kabla ya vita yalibaki machache, bei yake ikapanda, na viwanda vikaona faida ya kuyaiga: papi zile zile, gundi ile ile ya ngozi, hata rangi ya vanishi iliyopauka.

Tanga si mji mgeni kwa gitaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilichuana hapo, na vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa na besi katika taarabu, jambo ambalo baadaye liliigwa pwani nzima. Magitaa hayo mengi yalikuwa ya umeme. Gitaa la umeme lenye mwili wa mti mzito usio na uwazi halisumbuliwi sana na unyevu, maana sauti yake huchukuliwa na sumaku, na ubao ni wa kushikilia nyuzi tu. Gitaa kavu ni jambo jingine. Hapo ubao ndio spika.

Wazee wengi walijifunzia gitaa kavu waliloliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Magitaa hayo yalikuwa ya bei nafuu, na baadhi yake yalibandikwa ndani tangazo la kumhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka. Kijana John Lennon wa Liverpool alikuwa na moja la namna hiyo mwaka 1957, mwaka aliokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada huko London. Yafaa kuitafakari dhamana hiyo ya kutopasuka, kwa sababu ndani yake mna nusu ya elimu inayohitajika kupima gitaa lolote katika nchi ya pwani.

Galatoni halikupasuka kwa sababu lilitengenezwa kwa plaiwudi. Mti hunywa maji kutoka hewani na kuyarudisha hewani, na kila unaponywa hutanuka. Lakini hautanuki sawasawa pande zote. Kufuata urefu wa nyuzi zake za asili, kutanuka kwake ni kudogo hata hakufai kuhesabiwa. Kukingama nyuzi hizo, kutanuka ni kukubwa. Plaiwudi hutengenezwa kwa matabaka yanayopishana, tabaka moja likilazwa kukingama jingine, kila moja likimzuia mwenziwe asitanuke. Hivyo ubao hukaa palepale. Gharama ya utulivu huo ni sauti. Matabaka ya kati huufanya ubao uwe mzito bila kuuongezea ukakamavu pale unapohitajika, na gundi iliyo kati yake humeza sehemu ya mtetemo. Uzi ukipigwa, sauti hutoka ndogo na hufa upesi.

Gitaa la toleo maalumu halina plaiwudi. Uso wake ni ubao halisi wa sprusi, umepasuliwa kutoka gogo moja na kufunguliwa katikati kama kitabu, kisha nusu mbili zikaunganishwa. Unene wake ni kama milimita 3. Tuone hewa ya Tanga itaufanyia nini.

Viwanda vingi vya Marekani hutengeneza magitaa katika vyumba ambavyo unyevu wa hewa unazuiliwa kati ya asilimia 45 na 50. Katika hewa ya namna hiyo mti hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 8 au 9 ya uzito wake mkavu. Katika miezi ya masika unyevu wa hewa ya pwani aghalabu hufika asilimia 80 na zaidi, na mti ukiachwa humo muda wa kutosha hutulia kwenye asilimia 15 au 16. Tofauti ni asilimia 7. Sprusi iliyopasuliwa vizuri hunywea kwa kiasi cha asilimia 4 ya upana wake inapokauka kutoka ubichi wa asilimia 28 hivi hadi ukavu kamili. Maana yake ni kwamba kila asilimia moja ya maji hubadili upana kwa sehemu ya saba ya asilimia moja, na asilimia 7 za maji huubadili kwa asilimia 1 nzima. Upana wa gitaa kubwa sehemu ya chini ni kama milimita 400. Basi ubao huo unataka kuongezeka milimita 4.

Hauwezi kuongezeka, kwa kuwa pembeni umegundishwa kwenye mbavu na chini umeshikwa na papi. Njia pekee iliyobaki ni kupanda juu. Uso hufura tumbo, daraja linaloshikilia nyuzi hupanda pamoja nao, na nyuzi huachana na shingo. Mpigaji hulalamika kwamba gitaa limekuwa gumu, vidole vinauma. Fundi asiyejua chanzo huchukua tupa na kupunguza kile kijipande cha mfupa kilicho darajani, na nyuzi hushuka. Gitaa hilo likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, au likikaa miezi miwili katika ofisi yenye kiyoyozi, ubao hukauka, tumbo hurudi ndani, na nyuzi sasa hugonga freti na kuvuma kama nyuki. Ubao ukizidi kukauka hupasuka kufuata nyuzi zake. Ni vema kukumbuka kwamba nyufa karibu zote huja wakati wa kukauka. Unyevu wa Tanga wenyewe haupasui gitaa. Huliandaa tu lipasuke kwingine.

Gundi nayo ina habari yake. Matoleo mengi ya marudio husifiwa kwa kutumia gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kama walivyofanya mafundi wa zamani. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu kama kioo, na fundi wa matengenezo huipenda kwa sababu huweza kuifungua kwa maji na moto bila kuharibu mti. Sifa hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Katika joto kavu hustahimili vizuri. Katika unyevu usio na joto hustahimili pia. Vikikutana vyote viwili hulegea. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huzidi nyuzijoto 60 ndani yake, na hewa iliyomo ni ile ile ya pwani. Wakati huo huo nyuzi sita za chuma zinavuta daraja kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 au zaidi, yaani uzito wa mtu mzima, mchana na usiku. Si ajabu daraja likang'oka. Anayetaka kujua kama limeanza kulegea achukue karatasi nyembamba na kujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gitaa halifai kununuliwa kwa bei ya gitaa zima, hata kama nambari yake ni ya kwanza kati ya kumi.

Kuna jambo moja katika matoleo hayo ambalo kwa mnunuzi wa pwani ni heri, ingawa matangazo hulisifu kwa sababu nyingine. Baadhi ya viwanda huoka ubao wa uso katika tanuri isiyo na oksijeni, kwa joto linalokaribia nyuzijoto 200, ili ufanane na mti uliozeeka. Husemwa kwamba sauti yake huwa ya kizee. Kuhusu uzee wa sauti watu watabishana sana, lakini kikemia jambo ni wazi: joto hilo huvunja zile sukari ndefu zilizomo katika kuta za chembe za mti ambazo ndizo zinazopenda maji kuliko sehemu nyingine. Ubao uliookwa hunywa unyevu kidogo kuliko ubao mbichi, kwa hiyo hufura kidogo. Hasara yake ni kwamba huwa mwepesi kumeguka, na fundi hana budi kuushika kwa uangalifu.

Mtu atapimaje basi? Kwanza macho. Ukingo wa tundu la sauti huonyesha ubao umekatwaje. Katika ubao halisi, mistari inayoonekana juu ya uso hushuka katika ukingo bila kukatika mpaka upande wa ndani. Katika plaiwudi mistari huishia juu, na chini yake huonekana tabaka jingine. Wapo watengenezaji wanaoficha ukingo huo kwa rangi au kwa pambo, na kuficha huko kwenyewe ni jibu. Mistari ya sprusi iwe imenyooka na kusimama wima katika ukingo. Ikilala kama paa la nyumba, ubao umepasuliwa vibaya, utatanuka karibu mara mbili ya hesabu iliyotolewa hapo juu, na ukakamavu wake kukingama nyuzi utapungua.

Unene ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukakamavu wa ubao hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Ubao wa milimita 3 ukipunguzwa hadi milimita 2.7, yaani sehemu ya kumi tu, hupoteza zaidi ya robo ya ukakamavu. Ndiyo sababu kiwanda kinachoogopa kurudishiwa bidhaa huacha ubao mnene, na gitaa huwa imara lakini bubu. Ndiyo sababu pia gitaa lililoiga papi nyembamba za kabla ya vita laweza kuwa na sauti nzuri sana dukani na kujikunja baada ya miaka michache, kama wenziwe walivyojikunja kabla ya mwaka 1944. Kioo kidogo na tochi vikiingizwa katika tundu la sauti humwonyesha mnunuzi papi hizo: kama zimekaa sawa, kama gundi imejaa, kama ipo iliyoachia mwisho wake. Kugonga ubao kwa kidole huonyesha lililofichika. Papi iliyoachia hutoa mlio wa debe.

Hewa iliyomo ndani nayo ina mtetemo wake wa asili, kama chupa inayopulizwa mdomoni. Mtu akiinama na kuimba polepole ndani ya tundu la sauti, akianzia sauti ya chini na kupanda, atafikia mahali ambapo gitaa zima litaitikia. Katika gitaa kubwa mahali hapo huwa karibu na mitetemo 100 kwa sekunde, juu kidogo ya sauti ya uzi mnene kabisa, ambao ni mitetemo 82. Gitaa linaloitikia kwa nguvu hapo litakuwa na besi. Lisiloitikia popote lina ubao mzito mno.

Kisha hesabu ya freti. Umbali kutoka kichwani mwa shingo hadi darajani ukigawanywa kwa 17.817, jibu ni mahali pa freti ya kwanza. Umbali uliosalia ukigawanywa tena kwa nambari hiyo hiyo hutoa ya pili, na kuendelea. Kwa gitaa lenye urefu wa milimita 645 freti ya kwanza huwa kwenye milimita 36.2, na ya 12 huwa katikati hasa, milimita 322.5. Rula ya shule yatosha kwa kazi hiyo. Daraja lenyewe hurudishwa nyuma milimita chache, kwa kuwa kuubonyeza uzi huukaza na kupandisha sauti yake. Hitilafu ya freti haisameheki. Gitaa lenye mti wa dhahabu na freti zilizokosewa ni pambo la ukutani.

Kuhusu mti wa mgongo na mbavu, ambao ndio hupandisha bei ya toleo maalumu kuliko kitu kingine chochote, sayansi imeleta habari isiyopendeza wauzaji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo fundi mmoja alitengeneza magitaa sita yaliyofanana kwa kila hali isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Mmoja ulikuwa ule mti adimu wa Brazili, na mingine ilikuwa ya bei nafuu. Wapigaji 52 waliyajaribu katika mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji, ili wasione wanachoshika. Alama walizoyapa zilikaribiana, na hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Jambo linalofanana nalo lilikwisha kuonekana kwa fidla: mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wapigaji 21 waliolinganisha gizani fidla mpya na zile za karne ya 18 za Stradivari na Guarneri, na wengi hawakuchagua za kale.

Mpingo nao hutumika katika magitaa ya bei kubwa. Ni mti wa densiti ya kilo zaidi ya 1,200 kwa mita ya ujazo. Ukitupwa majini huzama. Sauti husafiri ndani ya sprusi kwa zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, na uzito wake ni kilo 400 tu kwa mita ya ujazo. Ndani ya mpingo kasi haifiki mita 4,000. Wapimaji hugawanya kasi kwa densiti ili kujua ubao utamwaga sauti kiasi gani hewani. Sprusi hupata 12 au 13, mpingo hupata 3. Kwa hiyo mpingo haufai kabisa kuwa uso. Mgongoni hufaa kwa kuwa haumezi mtetemo, na hugongwa ukalia kama kengele. Lakini gitaa lake huwa zito kwa karibu nusu kilo kuliko lenye mgongo na mbavu za mkangazi zenye unene ule ule, na baada ya jaribio la Lancaster ni vigumu kusema kwamba nusu kilo hiyo inasikika.

Hapa pana jambo linalogusa mifuko ya watu wa pwani. Mpingo huota katika misitu ya mkoa wa Tanga kama unavyoota Kilwa na Lindi. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kwa sababu ya nyufa na kupinda. Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, na mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa katika udhibiti huo. Kwa tafsiri nyepesi, klarineti iliyotengenezwa Ulaya huvuka mpaka bila kibali, ilhali gogo la mwanakijiji huhitaji kibali. Vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji, na huko angalau mwenye msitu hujua thamani ya anachouza. Mti uuzwao kama kipande cha mraba hurudi kama mgongo wa gitaa la 37 kati ya 100, na thamani yote iliyoongezeka kati ya safari hizo mbili imebaki kwingine.

Mkangazi, kwa upande wake, ni mti mwepesi, mtulivu, na rahisi kukunjwa kwa mvuke. Msaji umepandwa Longuza, wilayani Muheza, na hausumbuliwi sana na unyevu. Orodha ya miti ya Usambara ni ndefu; tangu kituo cha Amani kilipoanzishwa mwaka 1902 miti hiyo imekusanywa na kuelezwa na wataalamu wa mimea. Kinachohitajika ni kuipima kwa ajili ya ala: densiti, ukakamavu, na muda ambao ubao uliogongwa huendelea kulia. Vyombo vya kazi hiyo ni mizani, rula na kinasa sauti, na simu ya mkononi sasa yaweza kufanya kazi ya hicho cha mwisho.

Mwenye gitaa la ubao halisi anayekaa Tanga anaweza kulilinda bila gharama kubwa. Wenyeji wa pwani wamezoea kuwasha balbu ndani ya kabati la nguo ili zisiote ukungu, na kanuni yake ni ya kisayansi kabisa. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa moto hadi nyuzijoto 33, bila kupunguza tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 60. Balbu ndogo ya aina ya zamani, ikiwekwa chini ya kabati mbali na gitaa lenyewe, yatosha. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hazitoi joto la maana. Kipimo cha unyevu cha bei nafuu kiwekwe humo, lakini kwanza kihakikiwe, maana vingi hukosea kwa asilimia 10 au zaidi. Chumvi ya mezani ilowanishwe kwa maji machache mpaka iwe kama uji mzito, iwekwe katika kifuniko cha chupa, kisha kifuniko na kipimo vifungiwe pamoja katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Hewa ya ndani ya mfuko huo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 82, kila kitakachosoma baadaye kipunguzwe 7.